Mtani Niliyempata Kwenye Theluji

Safari hii imenigharimu mpunga wa msimu mzima ambao haukupandwa, kucha mbili za mguu wa kushoto, na heshima yangu kidogo mbele ya mataifa matatu. Nimehesabu mara mbili na jibu ni lilelile. Nawaandikia ninyi mlioniuliza pale Kibiti, dukani na msikitini, maana kila nikianza kusimulia mtu hunikatiza na kuuliza kama ni kweli theluji inaliwa. Inaliwa. Haina ladha. Sasa niacheni niende.

Kwa asiyejua: shemeji yangu Athumani, mume wa dada yangu Zuhura, ni sajini wa jeshi na mtu wa Nyamwage. Ujanani alilinda mashamba ya wajomba zake kule Mloka, ambako nguruwe na viboko hula zaidi ya wenye shamba, na huko ndiko alikojifunza kupiga kwa risasi moja tu, maana risasi ya pili hakupewa. Mkuu wake ni kapteni Mwingereza, mrefu, mwembamba, tuliyempa jina Bwana Ufito, na mwenyewe analijua na analipenda. Huyu ana mchezo wake wa huko kwao. Mtu anavaa mbao mbili ndefu miguuni, anateleza juu ya theluji maili kumi na mbili na ushei, bunduki iko mgongoni, na njiani anasimama mara nne kupiga shabaha, risasi tano kila kituo. Akikosa moja anaongezewa dakika mbili. Mataifa hushindana hivyo majira yote ya baridi, wakihama nchi hadi nchi. Bwana Ufito alisema kuteleza mtu anaweza kufundishwa, ila mkono usiotetemeka huzaliwa nao. Akaamua kumchukua Athumani.

Mimi niliingia kwa mlango wa jikoni. Athumani hali nyama asiyojua imechinjwaje, na jeshini hakupatikana Mwislamu mwingine aliyetaka kwenda kuganda kwa ajili ya tumbo la mwenzake. Mimi ni mkata boriti wa delta, nimepikia watu miaka mingi kwenye kambi za mikoko, na kuchinja najua. Tuliongea na Bwana Ufito asubuhi nzima. Nilipata zaidi ya alichotaka kutoa na pungufu ya nilichotaka kupata, yaani tulielewana.

Delta hadi Kibiti

Nilitoka visiwani na mtumbwi uliojaa mchele, kamba wakavu, pilipili na nazi, kwa kuwa sikuamini kwamba Wazungu wana chakula. Kibiti nilimkuta Athumani na dada, tukangoja lori. Lori lilikuwa limekwama kwenye tope huko njiani na kila anayepita alituambia limekwama mahali tofauti.

Siku ya pili ya kungoja akaja Maganga, fundi baiskeli, Mnyamwezi aliyehamia Kibiti zamani. Mnajua watani hawa. Hakusalimu. Alichukua gunia langu la pilipili, akalikalia.

"Huyu Mndengereko anakwenda kufa baridini," akawaambia watu. "Nitakuja kwenye matanga yake nile wali wote."

"Nani atakualika?" nikamwuliza.

"Mtani haalikwi. Mtani anafika."

"Inuka kwenye pilipili yangu."

"Nikomboe."

Nilimkomboa kwa kamba wakavu, viganja viwili, akataka vitatu, tukamaliza kwa viwili na nusu. Nayaeleza haya kwa sababu, mbele ya safari, mazoea haya ndiyo yaliyotaka kutumaliza.

Jioni Zuhura aliniita pembeni. Alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na alikuwa na maneno.

"Kaka, huyu bwana nimeolewa naye mwaka wa nne huu. Nimemhesabu nyumbani: miezi mitano. Sasa kikosi chake kinapelekwa Kenya, kule juu kwenye ngamia, miaka miwili."

"Najua."

"Na Bwana Ufito amesema mkubwa wao amekubali jambo moja. Mashindano ni matatu. Athumani akimaliza hata moja, basi abaki Dar es Salaam, awe mwalimu wa shabaha. Asipomaliza, anakwenda na wenzake."

"Nalo najua."

"Basi mrudishe akiwa amemaliza. Awe wa mwisho, si kitu. Nataka mtoto huyu azaliwe baba yake yupo."

"Na nikimrudisha hajamaliza?"

"Utafuatana naye hukohuko kwenye ngamia ukampikie."

Dada yangu hajui kupatana bei. Anataja yake na kunyamaza.

Melini

Bahari sina la kusema, ilikuwa nyingi. Portsaidi tulisimama kwa ajili ya makaratasi ya watu wengine, na mimi nikashuka kununua makoti mawili mazito. Mwarabu mwenye makoti alilia, nami nikalia. Aliapa kwa watoto wake, nami nikaapa kwa wangu, ambao sina. Nilipanda meli nikiwa na furaha ya mtu aliyemshinda mwenzake. Siku tatu baadaye, baridi ilipoanza, tulisikia makoti yanakwaruza kama mtu anakunja karatasi. Athumani akafumua mshono kidogo. Ndani mlikuwa na magazeti.

"Shemeji," akasema, "la kwangu la Kiarabu, la kwako la Kigiriki. Tukipata baridi tutasomeana."

Ustria

Theluji tuliiona kwanza kwenye dirisha la gari moshi. Athumani akasema ni kama mtu amemwaga unga wa nchi nzima na hakuna aliyegombana naye.

Tulilazwa kwenye nyumba ya wageni ya mama mmoja mnene mpole. Kitandani palikuwa na godoro, na juu yake kitu kama mto mkubwa wa manyoya, laini kabisa. Tukapanda juu yake tukalala. Hakukuwa na shuka ya kujifunika. Tuliganda siku nne, makoti ya magazeti mwilini, tukisema Wazungu ni watu wavumilivu kweli. Siku ya tano mama yule aliingia asubuhi kuleta maji, akatukuta tumelala juu ya ule mto, akashika mdomo. Aliuvuta, akatufunika nao, akatupapasa kama watoto. Tukalala hadi adhuhuri. Bwana Ufito alitutafuta kwa hasira.

Mazoezi sasa. Mahali pa tambarare Athumani alikwenda vizuri. Mlimani alipanda kwa nguvu. Shida ilikuwa kushuka. Mbao zile mteremkoni hazimsubiri mtu. Alianguka hadi tukaacha kuhesabu, na mimi si mtu wa kuacha kuhesabu. Mwishoni akabuni njia yake: akifika ukingo wa mteremko, anakaa chini taratibu juu ya visigino vya mbao, bunduki mgongoni, anashuka amekaa kama bibi kwenye mkeka, anafika bondeni, anainuka, anajipangusa, anaendelea.

"Haifai," Bwana Ufito akasema. "Unapoteza muda."

"Lakini sipotezi mifupa, bwana."

Shindano la kwanza lilifanyika hapo. Katika shabaha ishirini alipiga kumi na tisa. Watu wa mataifa waligeuka kumtazama. Kumbe kule kukaa mteremkoni kulikuwa kunampumzisha, anafika kituoni pumzi imetulia kama mtu aliyetoka barazani. Lakini kuna saa: akishaingia wa kwanza, wengine wanapewa muda fulani, kisha kamba inavutwa langoni, na anayekuja nyuma yake haandikwi. Athumani alifika wakati wanaume wawili wanakunja kamba hiyo kuirudisha ghalani. Walimpigia makofi. Makofi hayaandikwi.

Yalibaki mawili.

Uswidi

Gari moshi lilisimama porini usiku kucha kwa sababu ya theluji relini. Kwenye behewa letu alikuwapo mzee mmoja na mkewe waliotutazama tukila wali baridi kwa mkono hadi mke akashindwa, akanyoosha bakuli lake. Nilimpa. Aliweka punje chache mdomoni, akakutana na pilipili. Machozi yalimtoka, mumewe akasimama, mimi nikajiandaa kuomba radhi. Yule mama akafuta uso na kunyoosha bakuli tena.

Kambini nyama ilituishia. Nilikwenda kijijini, nikamkuta bibi kizee mwenye kuku. Kwa vidole na kwa sauti ya jogoo nilimweleza ninachotaka. Alifurahi sana. Akanitolea jogoo wake bora, akanionyesha mabawa, akanionyesha kichwa, akanionyesha na majike wake, na mimi nikaitikia kila kitu nikiona mwanamke huyu anajua kuuza. Tulipatana haraka kuliko kawaida yangu, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Nikaelekea kibla, nikasema bismillahi, nikamchinja palepale mlangoni. Bibi alipiga ukelele akaingia ndani. Baadaye Bwana Ufito alitumwa kwenda kusuluhisha, akarudi kunieleza: bibi alidhani namchukua jogoo kwenda kuzalisha Afrika. Alikwisha kumpa jina la safari.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni hili.

Kwenye ukumbi wa chakula timu zote zilikaa pamoja. Miongoni mwa Wanorwe palikuwa na jitu moja lenye ndevu nyekundu, nikaliita Ndevu. Siku ya kwanza tu Ndevu alisimama kati ya meza, akakaa chini, akajiburuta sakafuni kwa makalio, mikono mbele, macho yamemtoka, akimwigiza Athumani anavyoshuka. Ukumbi mzima ulicheka. Kisha akainuka, akaja mezani kwetu, akakata mkate wake mkubwa, akampa Athumani nusu, akampiga begani.

Mimi nilikaa nikafikiri. Mtu anakuchekea mbele ya watu, waziwazi, bila chuki, kisha anakupa chakula. Huyo ni nani? Nilimwuliza Athumani.

"Mtani," akasema, mdomo umejaa mkate.

"Ndivyo nilivyoona na mimi."

Basi mtani ametuchokoza, na akichokozwa mtu hujibu. Alfajiri ya siku ya shindano la pili nilipita kwenye ubao wa kuegemezea vifaa, nikachukua fimbo mbili za Ndevu, zile wanazojisukumia kwenye theluji. Nikaenda nazo jikoni, nikazikalia. Nilikuwa nimepanga akija aseme "nikomboe", hapana, mimi niseme "nikomboe", yeye atoe kitu kidogo, tucheke, twende mashindanoni. Hata chai nilimwekea.

Hakuja. Alikwenda kwa wakubwa. Kengele zikapigwa, watu wakakimbia huku na huku, askari wa pale wakaanza kupekua vyumba. Walinikuta nimekaa juu ya fimbo, mbele yangu vikombe viwili vya chai.

"Unafanya nini?" Bwana Ufito aliniuliza kwa Kiswahili, polepole sana.

"Namngoja mtani wetu aje kuzikomboa, bwana."

Alifumba macho. Kwa wenyeji wa pale huo ulikuwa wizi na hila ya kumharibia mtu shindano. Bwana Ufito aliomba radhi kwa lugha tatu, na ili radhi iwe na uzito akafuta jina la Athumani katika shindano la siku ile. Mwingereza akiona haya humwadhibu wa karibu yake.

Athumani alikuwa amekwisha vaa mbao. Alizivua. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonikaa vibaya zaidi. Alisema tu, "Shemeji, ngamia wanakula nini?"

Lilibaki moja.

Norwe

Nitasema jema la Norwe kwanza: wana ng'onda. Bandarini niliiona imeanikwa juu ya vichanja, samaki kwa samaki, harufu ileile ya nyumbani, nikasimama pale kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Nilipatana na muuzaji kwa vidole hadi akaita wenzake waje watazame. Siku hiyo niliroweka ng'onda, nikaipika kwa nazi za mwisho, na Athumani akala hadi sufuria ikalia.

Njiani, kwenye gari moshi, Bwana Ufito aliketi na Ndevu behewa moja. Ndevu alikuwa na Kiingereza alichookota melini akiwa baharia. Bwana Ufito alimweleza habari ya watani: kwamba kwetu kuna makabila yanayotaniana, kwamba mtani anachukua kitu chako na hukasiriki, kwamba ukifiwa ndiye anayekuja kuchimba kaburi na kupika, huku akikucheka. Nilimwona Ndevu anasikiliza, uso haubadiliki hata kidogo. Nikasema kesi yetu imekufa.

Kesho yake nilikuwa jikoni, wali umeiva. Mlango ukafunguliwa, Ndevu akaingia akiinama. Hakusalimu. Alichukua sufuria nzima kutoka mekoni, akaiweka sakafuni, akakaa mbele yake, mgongo mlangoni, akaanza kula kwa mkono. Nikaita watu. Bwana Ufito akaja, akamwuliza kitu.

"Anasema," akanitafsiria, "umkomboe."

"Anataka nini?"

Wakaongea. "Anataka Athumani ampe siku tatu. Amfundishe kushuka amesimama. Anasema hawezi kuvumilia kumwona tena anashuka vile, tumbo linamuuma kwa kucheka."

"Siku mbili," nikasema, kwa mazoea.

Athumani alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo. Nikasema basi, tatu.

Siku tatu hizo Ndevu alimpandisha Athumani kilimani na kumsukuma. Nilisikia kicheko chake hadi jikoni. Jioni walirudi weupe wote wawili, mmoja kwa maumbile na mwingine kwa theluji, na kila jioni Ndevu alinizuilia sufuria hadi nitoe sahani ya mtani kwanza.

Siku ya shindano kulikuwa na jua lisilo na joto, jambo ambalo bado silielewi. Mimi, Bwana Ufito na dumu langu la chai tulisimama chini ya mteremko wa mwisho, karibu na lango. Habari za vituo zililetwa na watu wenye bendera. Kituo cha kwanza Athumani amekosa moja. Cha pili amekosa mbili. Bwana Ufito akaanza kutafuna ukosi wa koti.

"Kulikoni?" nikamwuliza.

"Anashuka amesimama. Anafika kituoni anahema."

Kile kilichomkawiza ndicho kilichokuwa kinampumzisha. Lakini Zuhura hakusema apige, alisema amalize. Ndevu aliingia wa nne, akavua mbao, akaja kusimama nasi, mvuke unamtoka kama chungu. Wa kwanza alikuwa amekwisha kuingia zamani, saa inakwenda. Wakaingia wengi. Wakaingia wachache. Wanaume wawili wakaichukua kamba.

"Yule pale," Ndevu akasema, na hilo nililielewa bila mkalimani.

Juu kabisa alitokea mtu mmoja mdogo mweusi. Alisimama ukingoni. Mimi nilimjua: alikuwa anataka kukaa. Niliona magoti yanakunjika kidogo. Ndevu akaketi ghafla kwenye theluji, akajiburuta kwa makalio, anamwigiza, anampungia mkono. Athumani akaona. Akanyooka.

Alishuka amesimama, mikono ameitanua kama anafukuza ndege shambani, bunduki inampiga mgongoni. Wenye kamba walikuwa wanaivuta kutoka pande mbili. Alipita kati yao. Kamba ikamkaa kifuani, akaenda nayo, wenye kamba wakamfuata kwa kuwa hawakuiachia, na wote watatu wakapita langoni hadi ndani ya hema la supu lililokuwa nyuma yake. Ndevu alikuwa amemfundisha kushuka. Somo la kuzisimamisha mbao walikuwa hawajalifikia.

Pakawa na ubishi. Wengine walisema kamba ilikwisha vutwa, wengine walisema haijafungwa mpaka ifungwe. Bwana Ufito alisema kwa lugha zake tatu. Ndevu alisema kwa moja, kwa sauti kubwa kuliko zote. Mshika saa alikuwa mzee mmoja. Aliitazama saa, akatazama daftari, akaitazama saa tena. Nilimpenda mzee yule. Kisha akaandika jina la Athumani mwisho kabisa wa orodha, chini ya wengine wote, akalipigia mstari.

Athumani alikuwa ameketi ndani ya hema, supu ya kabichi begani, akiuliza kama ina nguruwe.

Usiku wa kuagana Ndevu alikuja na kuweka mkono mezani. Mtani, akasema kupitia Bwana Ufito, huchukua anachotaka, sivyo? Athumani, ambaye siku ile angempa hata meno, akasema chukua. Ndevu akasema amesikia kuna mtoto njiani. Akiwa wa kiume, basi yeye anachukua jina: mtoto aitwe kama yeye, Torbjorn. Athumani akampa mkono. Mimi nilikuwa nasugua sufuria. Katika safari nzima hiyo ndiyo biashara pekee iliyofanyika bila mimi.

Kibiti tena

Tulirudi masika yameanza. Karatasi ya kumbakiza Athumani Dar es Salaam ilitangulia kufika kabla yetu. Maganga alikuwa pale lori liliposimama, akalalamika kwamba sikufa na amekosa wali. Zuhura alimtazama mumewe juu mpaka chini, akahesabu viungo vyake, akaniambia, "Haya, kaka. Kapike."

Mtoto amezaliwa juzi, wa kiume, baba yake amekaa nje ya mlango usiku kucha. Ni mzima na ana sauti. Na sasa ndipo ninapowahitaji.

Athumani anasema alikwisha toa mkono, na yule mtu ndiye aliyemrudisha nyumbani. Zuhura anasema anamshukuru, atamwombea kila Ijumaa, lakini mtoto wake hataitwa jina ambalo yeye mwenyewe hawezi kulitamka akimwita kutoka kisimani. Shehe ameuliza jina lina maana gani. Bwana Ufito amesema ni radi pamoja na mnyama mmoja mkubwa wa manyoya wa huko kwao, na shehe ameomba muda. Shangazi yetu wa Nyamwage ametoa wazo kwamba jina hilo apewe mbuzi wa akika, lakini mbuzi atachinjwa, na mtani akisikia atasema tumemchinja yeye.

Siku ya saba, ya kumpa mtoto jina, ni Jumatano. Mwenye shauri alilete kwa Zuhura kabla ya hapo, mwenyewe, si kwa kutuma mtu. Mimi sina upande. Ila wali ni mimi ninayepika, na dua itakaposomwa ningependa kujua tunamwombea nani.